Kuufuata Mto Obed: mwongozo kamili kutoka uwanda wa Cumberland hadi Daraja la Nemo

Mto Obed, ulioko mashariki mwa jimbo la Tennessee nchini Marekani, hauna ziwa la kuutunza wala theluji ya mlimani ya kuyeyuka polepole. Unaishi kwa mvua. Ikinyesha usiku kucha mwezi wa Februari, asubuhi korongo lote huwa linanguruma, na mawe yaliyokuwa wazi jana yamefunikwa na maji ya rangi ya udongo. Mvua ikikatika majuma matatu mwezi wa Agosti, mtu huvuka palepale kwa kuruka jiwe hadi jiwe bila kulowesha viatu. Aliyezoea maji ya kasi ya Mto Naili kule Jinja, ambako Ziwa Viktoria huulisha mto mwaka mzima, itambidi ajifunze upya, kwa sababu hapa tarehe ya safari hupangwa na mawingu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali kidogo na kafi na kayaki. Umekusudiwa kwa yeyote anayetaka kuufuata mto huu kwa chombo, kwa miguu, au hata kwa gari kutoka daraja hadi daraja. Na kwa kuwa mji mdogo wa Wartburg, uliopo jirani na korongo, ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Knoxville, wasomaji waliohamia upande huo wa Tennessee wanao mto huu karibu kabisa na nyumbani.

Hatua ya kwanza: uelewe mwendo wa mto kabla ya kuukaribia

Chukua ramani na utafute mji wa Crossville, katika wilaya ya Cumberland. Uko juu ya uwanda wa Cumberland, sehemu ya nyanda za Appalachia inayoanzia Alabama, inakatiza Tennessee na kuendelea hadi Kentucky. Obed huanzia karibu na mji huo, na mwanzoni ni kijito kama vijito vingine: kinapita mashambani, kinapokea maji ya mitaro ya mji pamoja na maji yaliyosafishwa ya mtambo wa majitaka, na hakionyeshi dalili yoyote ya kilichopo mbele.

Kinachofuata kimetokana na mwamba. Uso wa uwanda huu ni mwamba wa mchanga mgumu uliotandazwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na kati ya matabaka yake mmelala mwamba laini wa tope. Mto ulipokwisha kuupasua mwamba mgumu, ulianza kuula ule laini kwa chini, na kuta zikabaki zikining'inia hadi zilipovunjika na kuanguka. Hivyo ndivyo korongo lilivyochimbika, mahali pengine kwa kina cha karibu mita 150, na hivyo ndivyo maji ya kasi yalivyopatikana, kwa maana kila palipoangukia jabali kubwa, mto ulibanwa ukalazimika kupita kwa nguvu. Msafiri alikumbuke jambo hili atakapofika majini. Mawe ya Obed mengi si ya duara yaliyosuguliwa kwa safari ndefu. Ni vipande vya ukuta, vyenye pembe, vilivyoegemeana, na mara nyingi vina uvungu ambao maji huingia na mtu asiweze kutoka.

Kutoka upande wa kusini, Obed hupokea Daddys Creek, na mbele zaidi, kutoka kaskazini-magharibi, hupokea Clear Creek. Zote mbili huitwa vijito, lakini zote mbili zina makorongo yao, na si ajabu ukakutana na watu wanaosema wanakwenda Obed kumbe siku nzima wataimaliza ndani ya Clear Creek. Kisha Obed hukutana na Mto Emory, na hapo jina hubadilika kwa namna inayoudhi: Obed ndio wenye maji mengi zaidi, lakini jina linaloendelea ni Emory. Mwendo mfupi chini ya makutano hayo kuna Daraja la Nemo. Baada ya daraja, Emory hupita Oakdale na Harriman, huingia Mto Clinch karibu na Kingston, na Clinch humwaga katika Mto Tennessee.

Ukiweza kuchora kwenye karatasi mkono wenye vidole vitatu, yaani Daddys Creek, Obed yenyewe na Clear Creek, vikikutana kiganjani na kutoka kwa kifundo kimoja pale Nemo, umekwisha kuielewa ramani kwa kiasi kinachotosha kuanza.

Hatua ya pili: ujue ulinzi unaanzia wapi na unaishia wapi

Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda mito ya asili na yenye mandhari ya pekee, na tarehe 12 Oktoba 1976 Obed ukaingizwa katika orodha hiyo. Hadi leo ndio mto pekee wa Tennessee uliomo. Urefu uliolindwa ni takriban kilomita 73, nao ukijumlisha sehemu nne: Obed kuanzia ukingo wa magharibi wa hifadhi ya wanyamapori ya Catoosa hadi makutano na Emory; Daddys Creek na Clear Creek, kila kimoja kuanzia mpaka wa wilaya ya Morgan hadi kinapoingia Obed; na kile kipande kifupi cha Emory kinachoishia kwenye Daraja la Nemo. Wasimamizi ni Idara ya Hifadhi za Taifa, wakishirikiana na shirika la wanyamapori la jimbo katika eneo la Catoosa.

Nemo haikuwa mwisho wa ulinzi kwa bahati. Katika miaka ya 1960, mamlaka ya bonde la Mto Tennessee, TVA, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuzuia mito mingi ya eneo hilo, ilikuwa inafikiria bwawa pale. Mwaka 1966 wakazi wa Oak Ridge na jirani waliunda chama cha kutetea maeneo ya pori, na miongoni mwa waasisi wake alikuwepo Liane Russell, mwanasayansi wa jenetiki aliyefanya kazi katika maabara ya taifa ya Oak Ridge. Bwawa halikujengwa. Lingejengwa, sehemu kubwa ya korongo linaloelezwa humu kuanzia hatua ya nne kwenda mbele ingekuwa chini ya maji yaliyotulia.

Sheria hiyo hufanya kazi kwa njia mahususi, na wengi huielewa vibaya. Inazuia serikali kuu kutoa leseni ya bwawa la umeme katika sehemu iliyolindwa, na inazuia idara zake kusaidia mradi wowote wa maji utakaouharibu mto moja kwa moja. Lakini haiufungi uwanda wote unaoukusanyia mto maji. Juu ya mstari wa ulinzi kuna mji unaokua, viwanja vya gofu, mabwawa ya mitaa ya makazi na mashamba, na maji ya huko yote hushuka korongoni. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kuambiwa, kabla hata ya jaketi la kuokolea maisha: kilicholindwa ni mkondo na kingo zake nyembamba, ilhali maji yake huamuliwa kwingine. Linagusa usalama pia, kwa sababu mvua iliyonyesha Crossville, mahali usipopaona wala kupasikia, ndiyo itakayokukuta mchana ukiwa katikati ya kuta.

Hatua ya tatu: usome mvua na vipimo

Majira ya maji ya kasi ni takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Uwanda wa Cumberland hupata zaidi ya milimita 1,300 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo haikosekani kabisa wakati wa kiangazi. Kinachobadilika ni misitu. Majira ya joto miti yenye majani hunywa sehemu kubwa ya maji kabla hayajafika mtoni, na majira ya baridi miti ikiwa mitupu, mvua hiyohiyo huteremka moja kwa moja. Udongo nao ni mwembamba juu ya mwamba, hauwezi kuweka akiba. Matokeo yake mto hupanda kwa saa chache na hushuka kwa siku chache.

Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina vituo vya kupimia maji vinavyotangaza takwimu zake mtandaoni saa zote, bila malipo. Vya kufuatilia ni vinne: Daddys Creek karibu na Hebbertsburg, Clear Creek kwenye Daraja la Lilly, Obed karibu na Lancing, na Emory kule Oakdale. Waendesha kayaki wa zamani hutaja zaidi kipimo cha Oakdale, lakini kiko chini ya vyote na kinajumlisha maji ya vidole vyote pamoja na ya Emory yenyewe. Wingu likiwa limemwaga upande wa Clear Creek peke yake, namba ya Oakdale itakuvutia uende Daddys Creek ukakute mawe makavu. Tazama kwanza kituo cha kijito unachokwenda, kisha Oakdale kwa picha ya jumla.

Namba hutolewa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi moja ya ujazo ni lita 28 na kidogo, hivyo kipimo kikisoma 1,000, maana yake ni kwamba mbele ya macho yako yanapita mapipa 140 ya lita 200 kila sekunde. Usiitazame namba peke yake. Tazama mchoro wa saa 24 zilizopita. Mto wenye 2,000 unaoshuka ni mto ulioujua jana, na mto wenye 2,000 unaopanda huku mvua bado inanyesha ni mto mwingine kabisa. Ukiwa na shaka kati ya hiyo miwili, ahirisha.

Hatua ya nne: uchague kipande kinacholingana na uwezo wako

Ugumu wa maji ya kasi hupimwa kimataifa kwa madaraja sita, na Obed na vijito vyake kwa kawaida huwa kati ya daraja la pili na la nne. Daraja la pili ni mawimbi yenye njia iliyo wazi. La tatu hudai mtu aweze kugeuza chombo upesi na kusimama anapotaka. La nne si la kujifunzia.

Sehemu za juu za Clear Creek, kuelekea Daraja la Barnett, ni tulivu kuliko zote na ndizo za kuanzia. Kutoka Barnett hadi Daraja la Jett maji huchangamka, na kutoka Jett hadi Daraja la Lilly mteremko huongezeka na majabali husogea karibu. Chini ya Lilly, Clear Creek huingia Obed, na safari hiyo huendelea hadi Nemo katika korongo lenye kuta ndefu, maji mengi zaidi na mawimbi makubwa.

Daddys Creek ni habari nyingine. Kipande cha kutoka Daraja la Antioch hadi mahali paitwapo Devil's Breakfast Table, yaani meza ya shetani ya kifungua kinywa, ndicho kigumu kuliko vyote, na kimewekwa kwa watu waliokwisha kupita maji ya daraja la nne kwingineko wakiwa na wenzao wanaokijua. Jina hilo limetokana na nguzo ya mwamba wa mchanga iliyobeba jiwe bapa kichwani, juu ya kijito.

Obed yenyewe, kutoka Potters Ford hadi makutano na Daddys Creek, ni ya upweke na ndefu. Yeyote anayeiingia akubali mapema kwamba kati ya kuingia na kutoka hakuna barabara, na kwamba kupanda kutoka korongoni kwa miguu, ukiwa umelowa na jioni inaingia, ni kazi ngumu kuliko kuendelea.

Hatua ya tano: upange magari, barabara na saa

Mto hauzunguki kukurudisha ulipotoka, kwa hiyo zinahitajika gari mbili: moja huachwa mwisho wa safari, nyingine hubeba watu na vyombo hadi mwanzo. Acheni gari la mwisho kwanza, na hakikisheni funguo zake zipo ndani ya mfuko usioingia maji, mwilini mwa mtu atakayefika. Funguo zilizosahaulika kwenye gari la juu huharibu siku nyingi kuliko mawimbi.

Kuingia eneo la mto hakulipiwi. Hata hivyo, njia za kwenda Potters Ford, makutano ya Obed na Daddys Creek, na Devil's Breakfast Table hupita ndani ya Catoosa, eneo la ekari zipatazo 80,000 lenye kanuni zake za vibali. Barabara zake hufungwa kwa kipindi fulani mwishoni mwa majira ya baridi, na wasio wawindaji hawaruhusiwi siku za uwindaji mkubwa. Uulize kituo cha wageni cha Wartburg kabla ya kuondoka nyumbani, siyo ukifika kwenye geti.

Halafu kuna suala la saa. Mpaka wa majira ya saa unapita kati ya wilaya hizi mbili: Crossville, wilaya ya Cumberland, iko nyuma kwa saa moja ya Wartburg, wilaya ya Morgan. Simu hubadilisha saa yenyewe, mara nyingine inabadilisha na kurudisha kadiri unavyopita vilimani. Kundi lenye Waswahili ndani yake lina mtihani wa ziada, kwani "tukutane saa mbili" ya mmoja ni saa nane ya asubuhi kwa Kimarekani, ambayo kwa mwenzake wa Crossville bado ni saa saba yao. Kubalianeni kwamba saa zote zitasomwa kwa Wartburg na kwa namba za kwenye simu, mkaandike.

Hatua ya sita: uvae kwa ajili ya maji, siyo kwa ajili ya jua

Siku ya Machi yenye jua inaweza kuwa na hewa ya kupendeza huku maji yakiwa baridi ya kukata pumzi. Mtu aliyeanguka katika maji ya namna hiyo hupoteza kwanza nguvu za vidole, kisha akili ya kuamua. Nguo za pamba hazifai, maana zikilowa hubeba baridi. Vaa suti ya mpira ya kuhifadhi joto au suti isiyopitisha maji yenye sufu ndani, viatu vinavyokaza vizuri, kofia ngumu, na jaketi la kuokolea maisha lililofungwa barabara hata panapoonekana shwari. Kila kundi liwe na kamba za kurushia, kisu kinachofikika kwa mkono mmoja, dawa za huduma ya kwanza, nguo kavu za mtu mmoja, kiberiti na tochi. Korongoni usitegemee simu.

Hatua ya saba: majini

Msiwe chini ya watatu. Anayeujua mto atangulie, mwenye uzoefu mwingine abaki nyuma ya wote, na kila mmoja awe anamwona aliye nyuma yake. Nyuma ya kila jabali kubwa kuna sehemu ambayo maji hugeuka na kupanda kinyume. Hapo ndipo pa kusimama, kupumzika na kuchungulia mbele. Usipoona mwisho wa maji ya kasi kutoka hapo, toka ukingoni ukatazame kwa miguu. Kubeba chombo begani na kupita pembeni hakuna aibu yoyote, na waliouzoea mto huu hufanya hivyo.

Hatari mbili zipewe uzito kuliko mawimbi. Ya kwanza ni mti ulioanguka majini: maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Mafuriko ya kila msimu huleta miti mipya, kwa hiyo ujuzi wa mwaka jana hautoshi. Ya pili ni yale majabali yenye uvungu. Ukitazama jabali na kuona maji yanarudi mbele yake kwa povu, linayasukuma nje. Ukiona maji yanaingia chini yake kimya kimya, bila povu, kaa mbali nalo. Ukianguka, lala chali, miguu mbele na juu, wala usijaribu kusimama katika maji yendayo kasi, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mto utakulaza kifudifudi.

Mkisimama kula, chagueni mwamba mtupu au mchanga ulio wazi, na tazameni pa kukanyagia. Kwenye vitanda vya kokoto na mchanga kandokando ya maji huota kichaka kifupi chenye majani membamba kama sindano, yenye harufu kali yakisuguliwa, na maua ya zambarau mwishoni mwa majira ya kuchipua. Hiyo ni rozimari ya Cumberland, mmea ulioko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na duniani kote huota kando ya mito michache tu ya Tennessee na Kentucky. Unahitaji mafuriko. Maji makubwa hung'oa vichaka vingine vinavyoukinga na jua, na shina lake likilazwa na kufukiwa mchanga hutoa mizizi mipya pale lilipofukiwa. Bwawa lisingeufunika tu. Hata ungebakizwa upande wa chini wa bwawa, mto uliotulizwa ungeuua taratibu kwa kivuli. Chini ya maji wapo kome na samaki wadogo wanaolindwa pia, basi msiburute vyombo kwenye maji mafupi wala msihamishe mawe.

Kwa asiyeingia majini

Njia ya miguu ya Cumberland Trail huunganisha Daraja la Nemo na Devil's Breakfast Table kwa takriban kilomita 22, ikipanda na kushuka kando ya Emory, Obed na Daddys Creek. Ni safari ya siku mbili kwa mtu wa kawaida, na Nemo kuna kambi ndogo ya kulala. Mwenye muda mchache aende Lilly Bluff, ambako njia fupi hufika kwenye jukwaa la mbao juu ya mwamba, na Clear Creek inaonekana chini kabisa ikielekea kuingia Obed. Kuta za mchanga za hapo hupendwa sana na wapanda miamba. Ukilala, subiri giza: tangu mwaka 2017 eneo hili limetambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga lenye giza, na usiku usio na mwezi Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani, huonekana wazi.

Kutoka mtoni

Pale Nemo kuna madaraja mawili, jipya la magari na la zamani la chuma waliloachiwa watembea kwa miguu. Yakionekana, anza kusogea ukingoni mapema, kwa sababu baada ya siku nzima ya kazi mikono huwa imechoka na maji ya juu hayakungoji. Hesabuni watu, kisha vyombo, kisha kafi. Badilisheni nguo kabla ya kwenda kuchukua gari la juu. Na kabla ya kula chochote, mtu mmoja apande mpaka penye mtandao amtumie ujumbe yule mliyemwachia saa ya kuwatarajia, saa ya Wartburg, ili asiwapigie simu askari wa uokoaji wakati nyinyi mnakausha soksi.